Siri ya mama wa Kirushya: Ukweli ni haki ya nani?

Mwaka jana, siku chache baada ya Iddi, alifika nyumbani kwangu mama mmoja aliyekuja Dar es Salaam kumtembelea mwanawe anayeishi Mbagala. Alikuja na mke wangu kutoka kwenye darsa ya akina mama. Alikaa muda mrefu akizungumzia mvua, bei ya maharage na magoti yake, mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza swali moja: "Maalim, kijana wangu mkubwa ndiye anayetakiwa kumuozesha dada yake. Je, ndoa itasihi ikiwa yeye si mtoto wa baba wa huyo dada?"

Nilimwambia kwamba mimi si mufti, ni mwalimu wa madrasa tu. Akasema, "Ndiyo maana nimekuja kwako. Masheikh wa kwetu wananifahamu."

Aliniruhusu niandike, kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala watoto wake. Nimelitimiza sharti hilo, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asijulikane. Ninaandika kwa sababu naamini zipo nyumba nyingi katika nchi hii, na hasa katika mikoa ya mpakani, zenye siri ya namna hii, na wengi wetu tunaoishi mijini ni wajukuu wa siri hizo bila kujua.

Mama huyu ni mzaliwa wa Kirushya, wilayani Ngara. Msomaji ambaye hajafika Ngara na afahamu kwamba ile ni nchi ya milima, migomba na kahawa, inayopakana na Rwanda na Burundi, na kwamba mpaka wenyewe umepita katikati ya watu wanaosikilizana. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa chini ya mfalme wa Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza na Wabelgiji wakagawana nchi za Mjerumani, na Bugufi ikaangukia Tanganyika. Hakuna aliyeulizwa. Mtu alilala kwa mfalme mmoja akaamka kwa Gavana mwingine, na shangazi yake akabaki ng'ambo. Kwa hiyo swali la "wewe asili yako ni wapi?", ambalo kwa mtu wa Tanga au Lindi ni mazungumzo ya barazani, kwa mtu wa Ngara ni swali linalomfanya aangalie kwanza nani anauliza.

Mwaka 1994 binti huyu (maana wakati huo alikuwa binti) alikuwa akikaa kwa shangazi yake karibu na barabara kuu iendayo Rusumo. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo watu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa wingi ambao dunia ilikuwa haijauona. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikadiria watu 250,000 katika muda wa kama siku moja. Wakapiga kambi Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya ujenzi wa barabara, na katika wiki chache Benaco ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Baadaye zikafunguliwa kambi nyingine, Lumasi na wenzake. Mto Kagera nao ulikuwa ukishusha maiti hadi Ziwa Viktoria, na watu wa kando ya ziwa wakaacha kula samaki.

Shangazi na binti waliuza ndizi na maharage kambini. Huko ndiko alikokutana na kijana mmoja Muislamu, fundi wa baiskeli, aliyezungumza Kiswahili kizuri. Kule Rwanda na Burundi, tangu enzi za ukoloni, Muislamu huitwa Mswahili, na Kiswahili ndiyo lugha ya mitaa yao. Walipendana. Mama alipolisema neno hilo alijifunika mtandio usoni kama msichana, na mke wangu akacheka, naye akacheka.

Mwaka 1995 walifunga ndoa katika msikiti wa maturubai. Alisema mahari ilikuwa godoro na redio. Walii alikuwa mjomba, si baba, kwa sababu baba hakutaka kusikia habari ya mkimbizi. (Hapo nilitaka kuuliza zaidi, maana mjomba si walii, lakini niliona kwamba nikianza kuchambua hilo hatutafika popote. Alisema baba yake alikubali baadaye na akala kuku wa posa. Nami nikaacha.)

Mwezi Desemba 1996 Serikali ya Tanzania pamoja na shirika lile la wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Mamia ya maelfu walitembea kurudi Rusumo chini ya ulinzi wa askari. Baadhi walijaribu kukimbilia upande wa pili, ndani ya Tanzania, wakageuzwa. Mumewe alikwenda. Alimwambia mkewe asimfuate, kwanza aone hali, kisha atatuma mtu. Binti alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Hakuna mtu aliyetumwa.

Mtoto akazaliwa Kirushya katikati ya 1997, mvulana. Mama yule akasubiri. Maalim mmoja wa huko akamfahamisha hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.) juu ya mke ambaye mumewe amepotea asijulikane yu hai au amekufa: miaka minne, kisha eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Ni hukumu aliyoishika Imam Malik, na Imam Shafi pia aliisema mwanzoni, kabla ya kuwa na kauli yake mpya kwamba mke angoje mpaka ipatikane yakini. Alisubiri miaka yote minne, akakaa eda, na mwaka 2001 akaolewa na mfanyabiashara wa mazao aliyekuwa akipita Ngara na lori, mwenyeji wa Biharamulo. Mzee huyo, Allah amrehemu, alimchukua mama na mtoto wa miaka minne, akahamia nao Biharamulo, na alipofika huko akawaambia watu: "Huyu ni mwanangu." Akampa jina lake. Shuleni akaandikishwa kwa jina hilo. Watoto watatu wakafuata, wa kwanza ndiye binti anayeolewa, kisha wavulana wawili. Siri ikakaa kwa watu watatu: mama, mumewe na bibi mzaa mama. Mzee alifariki mwaka 2017. Bibi naye hayupo.

Sasa tulitazame swali la ndoa, kwa sababu ndilo lililomleta. Mtoto wa mama mmoja na baba tofauti ni maharimu wa dada yake, hapana shaka, lakini si walii wake. Uwalii unapita upande wa baba. Akikosekana baba na babu, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ndiye anayefuata, na katika nyumba hii yupo kijana wa miaka 20 mwenye sifa hiyo. Lakini ni nani atakayekubali kwamba mdogo aozeshe hali mkubwa yupo ameketi? Wataulizana ukumbi mzima.

Nilikwenda kwa sheikh mmoja ninayemwamini nikamueleza bila kutaja mtu. Alifikiri kidogo tu akasema: hilo ni jepesi. Ndugu wote wa kiume wakae, kila mmoja kwa ulimi wake amuwakilishe sheikh atakayefungisha. Uwakala wa yule mkubwa hauna kitu, lakini haudhuru. Uwakala wa mdogo ndio unaofanya kazi. Ndoa inasihi na siri inabaki.

Nilirudi kwa mama nikiwa na furaha ya mtu aliyepata dawa. Akasikiliza, akashukuru. Kisha akasema neno ambalo limeninyima raha hadi leo: "Kwa hiyo naweza kufa nalo?"

Ndipo nilipotambua kwamba hakuja kuuliza habari ya walii. Alikuwa akitafuta sheria itakayomlazimisha kusema, nasi tulikuwa tumemfungulia mlango wa kutosema.

Ndugu msomaji, hebu tujiulize. Je, mama huyu alimdanganya mwanawe? Na kama alimdanganya, je, alikosea?

Wapo wanaosema uongo ni uongo. Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant aliandika makala mwaka 1797 akitetea kwamba hata muuaji akigonga mlango akakuuliza rafiki yako yuko wapi, huna ruhusa ya kumdanganya. Mtu anaweza kusoma hayo akiwa amekaa kwenye kiti kizuri huko Ulaya akaona ni hoja. Lakini katika mwaka ule ule wa 1994, katika mitaa ya Waislamu ya Nyamirambo mjini Kigali, swali hilo liligongwa mlangoni kweli, kwa mapanga, na wapo Waislamu walioficha majirani zao wakasema "hakuna mtu humu". Sijui ni nani katika sisi atasimama mbele ya watu hao awaambie walitenda dhambi. Imam Ghazali amelieleza jambo hili vizuri zaidi katika Ihyaa. Maneno ni njia ya kufikia makusudio. Kusudio jema likifikiwa kwa kweli, uongo ni haramu. Likiwa halifikiwi ila kwa uongo, hukumu inafuata uzito wa kusudio, na kuiokoa damu isiyo na hatia ni wajibu.

Lakini hapo pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Uongo wa mlangoni una mwisho. Muuaji akiondoka, aliyefichwa anatoka chini ya kitanda, anajua kwamba alifichwa, na kwa nini. Uongo wa mama wa Kirushya haukuwa na mwisho huo. Aliyefichwa hakuwahi kuambiwa kwamba yumo mafichoni. Alikua humo, akasoma humo, akaoa humo, na sasa ana binti wa miaka miwili anayeitwa kwa jina la mama wa baba asiye baba yake.

Tusimhukumu upesi, hata hivyo. Kwanza tuone alikuwa akimficha na nini.

Alikuwa akimficha na neno "mwana haramu", ambalo watoto wa mtaani wangemrushia hata kama ndoa ya wazazi wake ilikuwa na mashahidi wawili, kwa sababu mashahidi wenyewe walivuka mto. Alikuwa akimficha pia na Serikali. Mwezi Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa muda wa wiki mbili kwa wahamiaji haramu kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoshwa. Walikuwamo waliokaa miaka 20 na zaidi, na walikuwamo wake waliobaki na watoto hali waume wamepelekwa ng'ambo. Mama anasema mwaka huo alipiga marufuku Kihangaza nyumbani kwake Biharamulo. Asiyejua lugha hizo akisikia Kihangaza hudhani ni Kirundi. Mwanawe wakati huo alikuwa na miaka 16 na alidhani mama amepata ugonjwa wa maringo ya mjini.

Mwaka 2019, wakati nchi nzima ilipokuwa ikikimbilia namba ya kitambulisho cha Taifa ili kusajili laini za simu kwa alama za vidole, kijana aliulizwa mababu zake walizaliwa wapi. Akampigia mama. Mama alimtajia babu wa Biharamulo, kijiji na kata, bila kusita. Hapo tena kulikuwa na mlango na mtu wa kubisha.

Nilimuonesha kwamba woga huo ulikuwa mkubwa kuliko sheria. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, aliyezaliwa Tanzania na mzazi mmoja raia ni raia. Kijana wake kazaliwa Kirushya na mama Mtanzania. Angesema kweli tangu siku ya kwanza, uraia usingeondoka. Mama alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyesoma kitabu. "Baba, wewe hukuwepo mwaka ule," akasema. Ni kweli. Sikuwepo.

Tena kuna la bibi. Katika mazungumzo ya siku ya pili mama alisema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba hata mama yake hakuwa mtu wa Kirushya. Alivuka akiwa msichana, mwanzoni mwa miaka ya sitini, pamoja na Watutsi waliokimbia machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959. Wengi wa wakimbizi hao walipelekwa makazi ya Muyenzi huko huko Ngara, na mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa nafasi ya uraia kwa maelfu, jambo ambalo Afrika haikuwa imelizoea. Lakini bibi hakuwa Muyenzi. Yeye alikuwa ameshaolewa kijijini, na mumewe alikwisha waambia watu kwamba ni binti wa rafiki yake wa mlima wa pili.

Kwa hiyo mama yule alipopenda mtu wa ng'ambo mwaka 1995, alikuwa akifanya jambo ambalo mama yake alilifanya kabla yake, na mumewe wa pili aliposema "huyu ni mwanangu" alikuwa akirudia maneno ya babu wa watoto wale bila kuyajua. Bibi, aliyekuwa Mtutsi aliyekimbia Wahutu, alimlea mgongoni mjukuu ambaye baba yake alivuka Rusumo pamoja na Wahutu waliokimbia baada ya mauaji. Sijui alijisemea nini usiku. Mama anasema hakuwahi kusema kitu, ila alimpenda mtoto yule kuliko wengine.

Hapa ndipo penye jiwe zito kuliko yote. Waliovuka mwezi ule wa Aprili hawakuwa wote watu wa namna moja. Wengi walikuwa wanavijiji waliokimbia risasi na kufuata wakubwa wao. Lakini walikuwamo pia wakubwa wenyewe. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo ya upande wa Rwanda, alifika Benaco na akawa kiongozi kambini humo. Alikamatwa Kigoma mwaka 2001. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, pamoja na yaliyofanyika katika kanisa la Nyarubuye, ikampa miaka 30, na rufaa ya mwaka 2006 ikakigeuza kuwa kifungo cha maisha. Watu walipanga foleni ya mahindi nyuma yake kwa miaka miwili na nusu.

Fundi wa baiskeli alikuwa wa kundi gani? Mama hajui. Alimuuliza mara moja, naye akajibu kwamba alikimbia kama walivyokimbia wote. Basi. Akisema kweli kwa mwanawe, atampa baba pamoja na swali ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulijibu akiwa kitanda kimoja na mtu huyo.

Uislamu haumbebeshi mtoto mzigo wa baba yake, na hilo kila mtoto wa madrasa analijua. Lakini watu hubebesha. Nchini Norway, baada ya vita ya mwaka 1940 hadi 1945, walibaki watoto wapatao 10,000 hadi 12,000 waliozaliwa na wanawake wa nchi hiyo na askari wa Kijerumani. Hao hawakufichwa. Kila mtu aliwajua. Wakatukanwa shuleni, mama zao wakanyolewa nywele na kufungiwa makambini, na baadhi ya watoto wakatupwa katika nyumba za wenye maradhi ya akili wakiwa wazima. Waziri Mkuu wa Norway aliwaomba radhi watoto hao katika hotuba ya mwaka mpya wa 2000, na mama zao walingoja radhi yao hadi 2018, wakati wengi walikwisha kufa. Hiyo ni nchi tajiri, yenye sheria na kumbukumbu za kila kitu. Anayesema "ukweli utawaweka huru" na atuambie ukweli huo ulimweka huru nani huko.

Kwa hiyo mimi nasema mama wa Kirushya hakukosea mwaka 2001. Wala 2013. Alitenda alilotenda mwanamke wa Nyamirambo mlangoni.

Lakini nasema pia kwamba sasa anakosea, na nitaeleza kwa nini, ijapokuwa najua wapo watakaonijia juu wakinikumbusha fadhila za kusitiri.

Kusitiri ni kufunika aibu ya mtu isionekane na watu. Kijana huyu si "watu". Yeye ndiye mwenyewe. Huwezi kumsitiri mtu na nasaba yake kama unavyomsitiri na jicho la jirani. Zayd bin Haritha (r.a.) aliitwa Zayd mwana wa Muhammad, na hakuna mlezi aliyepata kuwa bora kuliko Mtume (s.a.w.), wala hapakuwa na upungufu wa mapenzi. Bado ikateremka aya ya tano ya Surat Ahzab inayoelekeza watu waitwe kwa baba zao, na Zayd akarudi kuwa mwana wa Haritha. Mapenzi hayakupungua. Aya hiyo hiyo inawatazama pia wale ambao baba zao hawajulikani, na haiwatupi. Inawaita ndugu katika dini. Na inasamehe lililofanywa kwa kukosea. Kwa maneno mengine, malezi ni jambo kubwa sana, lakini halina idhini ya kufuta jina la mtu mwingine.

Maana yupo na huyo mwingine. Tumezungumza habari ya mama, ya mtoto, ya Serikali, na fundi wa baiskeli tumemwacha upande wa pili wa daraja kama mzigo uliosahaulika. Labda alikufa Desemba ile ile. Labda yuko hai, ana wajukuu, na kila akiona basi la Tanzania linapita anahesabu miaka ya mtoto ambaye hajui kama alizaliwa. Kwa fiqhi yetu ndoa yake ilikuwa ndoa, na mtoto ni wake.

Halafu kuna mirathi, na hapa sheikh yule aliyeona jambo la walii kuwa jepesi alinyamaza kwa muda mrefu. Mzee alipofariki mali iligawanywa Biharamulo: nyumba, shamba na lori lililokuwa limechakaa. Kijana mkubwa alipata fungu la mtoto wa kiume. Kwa sheria ya Allah (s.w.) hakuwa mrithi wa mzee yule. Mzee angeweza kumuusia hadi theluthi ya mali, na bila shaka angefanya hivyo kama angekubali kwa maandishi kwamba si wake. Hakukubali. Mapenzi yake kwa kijana ndiyo yaliyomnyima kijana wasia. Sasa sehemu aliyonayo ni haki ya wadogo zake watatu. Wanaweza kumsamehe, na mimi naamini watamsamehe kabla sentensi haijaisha, lakini mtu hawezi kusamehe deni asilojua kwamba anadai. Katika ndoa palikuwa na njia ya kuzunguka. Katika mirathi sikuiona.

Nilimwambia mama hayo yote, pamoja na rai yangu. Asiseme ukumbini wala katika kikao cha ukoo, na wala asimpigie simu. Aseme na kijana peke yake, kwanza, na kijana ndiye atakayeamua nani mwingine aambiwe na kwa njia gani, maana kuanzia siku hiyo siri itakuwa yake. Na aseme yote aliyonayo, pamoja na lile asilolijua. Asimtengenezee baba shujaa wala baba muuaji. Afisa wa kitambulisho hana haja ya kuambiwa habari ya redio na godoro. Akiuliza kisheria, jibu la kisheria lipo, na halidhuru.

Akaniuliza kama kijana atamchukia. Nikasema sijui.

Ndoa ya binti ilifungwa. Ndugu wote watatu walimuwakilisha sheikh kama tulivyoelekezwa, na mama anasema haikuchukua dakika kumi na watu wakala. Wiki mbili baadaye, kabla ya kijana kurudi Dar es Salaam, alimwita wakaenda wawili hadi Kirushya kuzuru kaburi la bibi. Alimwambia hapo.

Anasema kijana alikaa chini kwenye majani. Hakulia wala hakumlaumu. Baada ya muda alisema kwamba yeye siku zote alikumbuka kupandishwa kwenye lori akiwa mdogo, usiku, na mtu mmoja akimfunika kwa koti, na kila alipouliza aliambiwa ni ndoto. "Kumbe ilikuwa kweli," akasema. Kisha akauliza jina. Mama akamtajia, jina na la baba yake, na mtaa wa Kigali alioutaja yule mtu.

Wadogo zake bado hajawaambia. Anasema atawaambia, ila anataka kwanza auze pikipiki yake, ili akiwaambia habari ya mirathi awe na kitu mkononi. Mama anaona pikipiki isiuzwe. Kuna mashahidi wawili pia, na kijana ameanza kuuliza habari zao: mmoja mama amemsahau kabisa, wa pili anakumbuka alikuwa fundi cherehani, mrefu, mwenye kigugumizi, na kwamba watu wa kambini walimwita kwa jina la utani ambalo mama analo ulimini lakini halitoki.